Pomade ya Manjano

Kwenye matanga ya Mama Sofi, mwanamke mmoja wa kikundi chake cha maombi alishika mikrofoni akasema marehemu alijaliwa mkono wa uponyaji. Kama kuna asiyeamini, akasema, amtazame Anifa, yule anayeuza chakula Kabondo. Alikuwa na ngozi ya kutisha, Mama Sofi akampaka dawa kwa mikono yake mwenyewe, na leo ni mzima kama sisi wote. Watu wakageuza shingo kunitafuta. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kiti cha nyuma, na sahani ya wali na maharagwe mapajani. Nikaiweka sahani chini. Nikaondoa shali, nikapandisha mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, nikauinua ili hata walio mbele wayaone magamba. "Hakuniponya," nilisema, na sikuhitaji mikrofoni. "Aliniunguza." Bea, binti yake, akaja mbio katikati ya viti, macho yamevimba kwa kilio, akanishika bega, akaniita Ya, dada mkubwa, kama zamani. "Ya Anifa, leo hapana. Leo ni siku ya maman." Nikamwuliza, "Na yangu ilikuwa siku gani?" Nikatoka, nikapanda pikipiki, nikaenda zangu.

Wanasema maiti hasemwi. Mimi nilisema lililotokea tu, na lililotokea halizikwi na mtu. Tangu siku ile wengine wamepita kwangu kuniambia nina roho ngumu, kwamba mama wa watu alitaka mema tu. Huenda alitaka mema. Lakini anayekutakia mema, ukimwambia unaungua, anaondoa mkono. Huyu hakuondoa. Ndiyo maana naandika juu ya mwaka ule, ili atakayetaka kusimulia habari za ngozi yangu mbele za watu aanze kwanza kwa kuzijua.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Mambo ya kwetu Maniema na namna nilivyofika Kisangani nayaacha, hayahusiki hapa. Nilipika na kulala kwa Mama Sofi, ambaye hakuwa damu yangu, ila alinipokea. Alikuwa na malewa, kibanda cha chakula cha mbao na bati, karibu na mahali zinapofunga mashua zinazotoka Isangi. Mbele kulikuwa na meza zilizopigiliwa plastiki ya maua, hapo walikaa wateja: wachuuzi wa mashua wenye harufu ya samaki wa moshi, wanafunzi wanaogawana sahani moja, makarani wa ofisi wenye kola safi. Katikati kulikuwa na jiko, mbabula za makaa zimepangwa chini, sombe ya majani ya mhogo ikichemka tangu asubuhi, maboke ya samaki waliofungwa majani yakigeuka rangi juu ya moto. Nyuma kabisa, chumba changu, ambacho pia kilikuwa ghala. Nililala kati ya magunia ya makala, yaani makaa, na mikungu ya makemba, na usiku wote nilinusa ndizi zikiiva. Kazi yangu kubwa ilikuwa lituma. Nilichemsha makemba, nikayatwanga yangali moto mpaka yakawa donge laini lisilo na uzi, kisha nikayapeleka mezani mwenyewe. Mama Sofi alikuwa akiwaambia wateja, "Muangalie mikono ya huyu mutoto. Lituma kama hii hamutapata hata ngambo." Nilikuwa nikifurahi sana nikisikia hivyo. Nasema hata hilo, nisije nikaambiwa nimeficha mazuri yake.

Kisha ngozi ikaanza. Baka dogo kwenye kiwiko, kama kifungo cha shati, gumu, lenye unga mweupe juu. Likafuatwa na jingine kwenye kiwiko cha pili, na magotini, na pembeni mwa nywele. Nikikuna, magamba yalidondoka kama mabaki ya mkate, na chini yake kulikuwa na ngozi nyembamba iliyotoa matone ya damu. Nilijifunika. Nilivaa mikono mirefu mbele ya moto, nikafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Lakini maradhi yalipofika kwenye vifundo vya mikono sikuwa tena na pa kuyaficha, maana hakuna anayetwanga lituma akiwa amevaa glavu.

Siku moja nikiwa jikoni nilisikia kupitia ubao sauti ya Tonton Emile. Alikuwa karani, alikula kwetu kila mchana na kuondoka wa mwisho, kijiti cha meno mdomoni. "Mama Sofi, miye ni mutu ya kusema wazi. Huyu mutoto anatuletea chakula, haiko na maba?" Maba ni ukoma. Mama Sofi akacheka kicheko chembamba. "Maba wapi, Tonton! Ni joto ya moto tu." Tonton Emile akasema, "Bon. Joto ya moto haiangushe unga mu sahani ya mutu." Meza nzima ikacheka. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, nikisikiliza mpaka kicheko kiishe, na hakikuisha upesi.

Tangu mchana ule sikutoka tena mbele. Lituma akapewa mwingine kuitwanga, mimi nikapewa sufuria za kuosha kwa sabuni ya kipande na mchanga na majivu. Ngozi ikapasuka zaidi. Kikombe changu kikatundikwa peke yake kwenye msumari, na sahani yangu chini yake. Bea, aliyekuwa bado anasoma na aliyezoea kuja chumbani kwangu kusukwa nywele, akakatazwa kuvuka mlango. Hakuna aliyenieleza chochote. Niliambiwa na ule msumari.

Lakini ni Mama Sofi mwenyewe aliyenipeleka hospitalini, hilo nalo ni kweli. Tulikwenda kwa toleka, baiskeli mbili za abiria, yake mbele na yangu nyuma, na njia nzima hakugeuka. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, miwani ikining'inia kifuani. Alinishika kiwiko kwa mkono mtupu. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau mguso wa mtu, na Mama Sofi naye akashtuka, kwa sababu zake. "Hii ni psoriasis," daktari akasema. "Haiambukize. Hakuna mutu alikuroga. Haiishe kabisa, lakini inatulizwa." Akanipa kopo la pomade ya manjano, nzito kama siagi, akasema polepole huku akiniangalia mimi, si Mama Sofi: "Hii ni dawa kali. Unapaka juu ya baka tu, kidogo, na kijiti. Nusu saa, kisha unaisafisha. Kwapani hapana, shingoni hapana, usoni hapana. Usiifunge na kitu. Ikikuchoma sana, acha, rudia kwangu." Niliyashika maneno yote. Mama Sofi alikuwa kwenye chumba kilekile, kwenye kiti kilekile cha mbao, na alishika neno moja tu. Kali.

Mwanzoni nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilijipaka wateja wakiisha kuondoka, nikakaa uani kungoja, nikasafisha. Ilichoma kidogo kuzunguka mabaka, mchomo wa kuvumilika, na ikaacha alama za kahawia zilizokataa kutoka hata kwa sabuni. Nguo zilizoguswa nayo ziligeuka zambarau. Lakini magamba yalianza kupungua. Asubuhi niliamka nikapapasa kiwiko nikakikuta laini zaidi ya jana, nikatabasamu peke yangu kati ya magunia. Kama ningeachwa vile, leo nisingekuwa na la kuandika.

Mama Sofi hakuweza kungoja. Tonton Emile alikuwa akimwuliza kila mchana, "Yule mugonjwa wako, namna gani?" naye alichoka kuulizwa. Jioni moja akanikuta nikisafisha dawa, akanipokonya kopo. "Nusu saa! Sombe yenyewe haiive nusu saa. Donc ugonjwa njo utaisha nusu saa?" Tangu hapo kopo likakaa kwake. Kila siku, jua likiwa bado halijazama, aliniita chumbani, akaniambia nivue, akanipaka kwa kiganja chake alichokifunga mfuko wa plastiki. Alipaka mabaka na ngozi nzima iliyoyazunguka. Alipaka kwapani. Alipaka shingoni. Kisha alinizungushia sashe, mifuko ya plastiki ileile tuliyofungia fufu ili isipoe, akazikaza kwa vipande vya kitenge, akasema nisiziguse mpaka asubuhi.

Nitaeleza ule moto, kwa sababu waliokuwa wakiimba kwenye matanga hawaujui. Ulianza kama pilipili iliyomwagikia mkono uliokatwa. Kisha, kwa kuwa plastiki haikuuacha utoke, ulizama. Ngozi ilikaza kama imepungua upana, kila pumzi ikawa inavuta mahali. Kwapani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Nililala nimekaa, mikono nimeitanua kama kuku anayeona joto, mgongo kwenye gunia la makala. "Mama, inaunguza," nilimwambia siku ya kwanza. "Ikiwaka, njo dawa inatumika. Ugonjwa iko natoka." Nikamwambia, "Daktari alisema tusifunge." Akaacha kukaza fundo, akanitazama. "Daktari njo anakulisha?" Kisha akakaza.

Malengelenge yakatokea, yakapasuka, nguo ikaganda juu yake. Sikuweza kushusha mikono wala kuinyoosha. Shuka langu likawa ramani ya kahawia na zambarau. Wanawake wa kikundi cha maombi wakaanza kuja kutazama kazi, mmoja mmoja baada ya ibada, na Mama Sofi aliinua nguo yangu kwa vidole viwili, kama anavyoinua kifuniko cha sufuria kumwonyesha mteja samaki. "Ona namna inatoka," alisema. "Inatoka, inatoka," walijibu, wakaniwekea mikono juu ya kichwa, si mahali palipoungua. Kila aliyetoka alipewa kipande cha kikwanga, mkate wa mhogo. Nilisikia wakitafuna nje ya ubao, wakijadiliana ni nani wa kwetu aliyenitumia ule ugonjwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeona alichokuwa akikitazama. Papa Losala, mvuvi wa Wagenia aliyetuletea samaki kutoka kwenye maporomoko, aliingia uani siku moja na kikapu akanikuta nimekaa mikono imetanuka. Akasimama. "Mama Sofi, huyu mutoto ameangukia maji ya moto?" Mama Sofi akasema ni dawa ya daktari. Papa Losala akatua kikapu, akainama akanitazama shingo. "Pole, binti yangu," akasema, kisha akageuka kwenda kupimiwa samaki wake, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Neno lile lilinitoa machozi ambayo pomade haikuyatoa. Lilinifundisha pia kwamba ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa amenitamkia neno hilo.

Kibaya zaidi kilikuja taratibu. Palipoungua pakaanza kukauka, na palipokauka pakaota mabaka mapya. Shingoni ambako sikuwahi kuugua, kukawa na mkanda wa magamba. Kwapani vilevile, umbo kamili la kiganja cha Mama Sofi. Alipoyaona alisema dawa imekuwa kidogo.

Ndipo nikachoka. Sikupanga kitu. Ulikuwa mchana uliokwisha, wateja wameondoka isipokuwa Tonton Emile na chai yake, nami nilikuwa nimeruhusiwa kufagia chini ya meza. Mama Sofi akatoka na kopo na sashe zake, akaniambia niingie chumbani. Nikanyoosha mkono kulipokea kopo. Akanipa, akidhani nataka kujipaka mwenyewe. Nikalifungua pale pale juu ya plastiki ya maua.

"Anza weye," nikasema.

"Nini?"

"Mama, kama ni moto ya kuponya, haitafanya kitu mubaya ku ngozi muzuri kama yako. Paka. Funga na sashe. Lala nayo mpaka asubui. Kesho nikikuta unacheka, nitajipaka hata mu uso, sitasema tena neno."

"Anifa, umekuwa wazimu?"

Tonton Emile akaweka kikombe chini, akacheka kwa furaha ya mtu anayetazama ugomvi wa bure. "Eh, Mama Sofi! Mutoto anakupima!"

Nadhani asingekuwepo Tonton Emile, ningepigwa kofi na mambo yakaishia hapo. Lakini Mama Sofi hakuwa mtu wa kuogopa mbele ya mteja. Akavuta kiti, akakaa, akaulaza mkono wake wa kushoto mezani kama anayengoja kuchomwa sindano. Ulikuwa mkono mzuri, mnene, unaong'aa mafuta ya mawese. "Paka," akasema. Nikampaka kuanzia kifundo hadi kiwiko, unene uleule alionipaka mimi. Nikamzungushia sashe. Nikakaza vipande vya kitenge kwa mafundo yaleyale, kwa sababu nilikuwa nimeyajua vizuri. Akainuka, akamwonyesha Tonton Emile mkono ulioviringishwa. "Unaona? Haiko kitu." Na jioni ile yote alizunguka jikoni akipika kwa mkono mmoja, akiimba.

Asubuhi hakuimba. Bea alikuja mpaka mlango aliokatazwa, akaninong'oneza kwamba maman aliamka kungali giza, akazikata zile sashe kwa kisu, akauzamisha mkono kwenye ndoo ya maji na kukaa hapo akiuma kitenge. "Alilia, Ya Anifa. Kabisa kabisa." Nilitegemea huruma iniingie. Haikuingia. Nilivaa, nikaenda jikoni kuwasha makala.

Mama Sofi alifika amevaa sweta. Sweta ya sufu, ya kiume, mikono imefika kwenye vidole, ndani ya jiko lenye mbabula zinazowaka pande zote. Jasho lilimtoka puani likadondokea sombe. Mteja wa kwanza akamwuliza, "Mama Sofi, unasikia baridi?" Akajibu, "Malaria." Tulifanya kazi ubavu kwa ubavu na hakunitazama. Kisha akanyoosha mkono kugeuza maboke, na sweta ikapanda. Niliona. Ngozi ya kahawia na nyekundu, imevimba, na juu yake utando ulioachana na nyama kama ule wa maziwa yaliyochemka. Alipoinua macho alikuta ninatazama. Alijua nimeona, na alijua ninajua ni uchungu gani, hakuna mwingine Kisangani nzima aliyeujua kama sisi wawili. Nikangoja. Sikuwa nataka kupigiwa magoti. Neno moja fupi lingetosha, lile ambalo hata mvuvi mpita njia alikuwa nalo.

Mama Sofi akafunua midomo. "Chumvi iko wapi?" akasema.

Nikampa chumvi. Kisha nikaingia chumbani, nikakunja nguo zangu ndani ya kitenge, nikalikunja na lile shuka pia, nikapita katikati ya meza. Tonton Emile hakuwa amefika. Nilijuta kidogo, ningependa anione.

Daktari aliponiona mara ya pili alivaa miwani, akazunguka kiti changu chote. Akafika shingoni, akagusa. "Nani alikufunga hivi?" Nikamtajia. Akatukana kwa Lingala, tusi ambalo sikutegemea kutoka kwa mtu wa elimu, kisha akaomba radhi. Akanieleza kwamba ngozi ya namna yangu ukiijeruhi, ugonjwa unafuata palepale jeraha lilipo, ndiyo maana yale mabaka mapya. Akaniambia niachane na pomade ya manjano. Akanipa nyingine laini kwa majeraha, vaselini tupu ya kila siku, akaniambia nikae mbali na mchanga na majivu. Nilihifadhiwa Kabondo na mama mmoja wa Kindu aliyekuwa na chumba cha ziada. Nilikaa huko mikono mitupu, bila kufungwa, mpaka nikaweza tena kuinua ndoo. Ngozi ilitulia. Haijapona mpaka leo na haitapona. Kuna misimu inalala na misimu inaamka. Mama Sofi aliniona sokoni baadaye, katika msimu wa kulala, akanitazama shingo iliyo safi, akapita. Kumbe alikwenda kujisifu.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha nilikuwa na mbabula yangu mbele ya kiwanja cha yule mama, sufuria ya lituma, na samaki wa maboke. Nilivaa blauzi ya mikono mifupi. Si kwa ushujaa. Mikono mirefu ilikuwa ikisugua majeraha, na nilikuwa nimeapa kwamba ngozi yangu haitasuguliwa tena ili macho ya mtu yapumzike. Mteja wa kwanza alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Kapalata, kijana, njaa imemchora mashavu. Akainamia sufuria, akanusa, kisha akaona mikono.

"Hii mikono iko na nini?"

"Psoriasis. Haiambukize, na haiishe. Chakula iko moto. Unakaa ao unapita?"

Akasimama pale muda, anatazama lituma, anatazama viwiko, anatazama lituma. Sikuificha mikono nyuma. Nilitwanga nikimwangalia usoni. Mwishowe akarudi hatua, akatema mate pembeni, akaenda zake. Nilihisi ule moto wa zamani ukipanda shingoni, nikawaza kwamba ndivyo itakavyokuwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka chakula kipoe.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye beseni la nyanya kichwani, ambaye sikumwona kwa sababu ya yule mwanajeshi. Akatua beseni chini, akaketi kwenye benchi kwa kishindo, akanyoosha mikono aoshe.

"Yule alikuwa ananifungia njia tu," akasema. "Weka makemba mingi."

Nikampakulia.